Kampala Inapobeba Mabegi Kwenda Ssese

MV Kalangala, meli ya visiwa vya Ssese, huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na haimngoji mtu. Mwenyeji hufika mapema, akashika foleni ya tiketi, kisha akajitafutia kivuli na sahani ya samaki kwenye vibanda vya mwaloni. Mgeni hufika zikiwa zimebaki dakika chache, juu ya bodaboda, begi la mgongoni likimvuta nyuma, akiwa ameshawapigia simu wenzake walio ndani wamwombee kwa mabaharia. Mara nyingine ombi hupokewa. Mara nyingi zaidi hubaki gatini na begi lake, akiitazama meli ikielekeza omo kusini.

Kampala ni mji wa vilima na foleni za magari, na ziwa liko mlangoni pake. Ajabu ni kwamba wakazi wake wengi hulijua kwa macho tu: Jumapili wakila samaki Ggaba, au Munyonyo wanapoalikwa harusi. Wapo waliozaliwa Nakawa wakazeekea Nakawa bila kuwahi kukanyaga kisiwa hata kimoja. Lakini miaka ya karibuni vijana wameanza kuchangishana fedha, kubeba mahema na kwenda kulala visiwani mwishoni mwa wiki, na katika misafara hiyo hukosi kumkuta Mzungu mmoja au wawili waliodandia kutoka hosteli za mji.

Kundi huanzia kwenye WhatsApp. Mmoja anatupia picha ya jua likizama Lutoboka, visiwani Ssese, wa pili anauliza bei, na kabla ya usiku kuingia limeshazaliwa kundi lenye jina la mbwembwe, mweka hazina aliyejiteua, na namba ya kutumia pesa kwa simu. Wanaoahidi huwa thelathini. Wanaolipa, wakiwa wengi, ni kumi na wawili. Hao kumi na wawili ndio watakaosafiri, na kusema kweli wanatosha.

Hesabu ya safari za majini inawapendelea wengi. Ukikodi boti hulipii kiti, unalipia injini: petroli iliyochanganywa na oili, nahodha, na msaidizi wake. Mzigo ukizidi kidogo mafuta huongezeka kidogo, lakini boti yenye watu watatu haiwi nafuu mara nne ya yenye kumi na wawili. Ndiyo sababu kijana wa Kijerumani aliyefika peke yake kwenye hosteli ya Lungujja, au Red Chilli kule Butabika, huishia kwenye kundi la wahasibu wa Ntinda wanaokwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Yeye anapata boti, wao wanapata mtu wa kuwapigia picha ya pamoja.

Vifaa ni Owino. Soko hilo rasmi linaitwa St. Balikuddembe, ila mwenye haraka halitaji hivyo. Mahema ya mitumba yapo, mifuko ya kulalia ipo, na viatu vya kutembelea msituni vimerundikwa bila kujali jozi. Hema lifunguliwe palepale sokoni, zipu ivutwe mwanzo mpaka mwisho, vyuma vihesabiwe. Ukiligundua tundu la paa saa saba za usiku, mvua ikinyesha kisiwani, huna wa kumrudishia.

Visiwa vya Ssese ni 84, vimetawanyika kaskazini magharibi mwa Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kwa serikali karibu vyote ni Wilaya ya Kalangala, wilaya ambayo zaidi ya asilimia 90 ya eneo lake ni maji. Diwani anayekwenda kuwaona wapiga kura wake anahitaji nahodha. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Vingine ni vidogo kiasi kwamba mvuvi akiamka upande huu anasikia jogoo wa upande wa pili. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu yake ni ya Tanzania, Uganda ina zaidi kidogo ya asilimia 40, na Kenya inabaki na asilimia sita.

Njia za kufika ni tatu. Meli ya serikali huchukua kama saa tatu na nusu hadi Lutoboka, na kwa miaka mingi nauli yake ilikuwa shilingi 10,000 daraja la pili na 14,000 daraja la kwanza. Tofauti ya madaraja haiwahusu sana vijana kwa kuwa wote huishia juu, kwenye upepo. Njia ya pili ni ya nchi kavu hadi Masaka, ukashuka Bukakata na kuvushwa bure hadi Luuku, upande wa magharibi wa Bugala. Ya tatu ni Kasenyi, na hiyo inastahili maelezo marefu.

Kasenyi ni mwalo ulio nje kidogo ya barabara ya Entebbe, na kutoka hapo boti za mbao huenda visiwa ambavyo meli haivigusi. Boti hukaa pale maji yanapopata kina. Kati yako na boti kuna matope, magamba ya samaki, na maji yanayofika kiunoni. Hapo ndipo makuli wanapopatia riziki. Kuli anakupa mgongo, anachuchumaa kidogo, anakupandisha mabegani kama mtoto, halafu anaingia majini bila kusema neno. Wote hubebwa: mama mwenye gomesi, mwalimu mkuu, askari na bunduki yake, Mzungu wa kilo mia. Bei mnapatana kabla hujanyanyuliwa. Mkiiacha hadi katikati ya maji, mwenye sauti si wewe tena.

Boti yenyewe iangalie vizuri kabla ya kukaa. Ina mkuku mrefu na mbao zilizopakwa rangi za kuwaka, na juu ya kila kiungo umepigiliwa ukanda wa bati kwa misumari iliyokaribiana, ukifunika pamba iliyoshindiliwa ili kuzuia maji. Maji hayazuiliki yote. Chini kwenye ngama, katikati ya mataruma, amekaa kijana ambaye kazi yake safari nzima ni kuyakumba kwa dumu lililokatwa kitako. Akisimama kupumzika, wenyeji humtupia jicho; akipumzika zaidi, mzee mmoja humwita kwa jina la baba yake. Shehena hutangulia: kreti za soda, mabati, saruji, magodoro yaliyofungwa nailoni. Abiria hukaa juu yake, magoti usawa wa kidevu, turubai likiwa tayari kuvutwa mvua ikija.

Aina hii ya boti huitwa Ssese hata inapoundwa mbali na visiwa hivyo, na jina hilo wenyeji walilipata kwa kazi. Karne ya 19 Wassese walikuwa waunda mitumbwi na wapiga makasia wa Buganda nzima. Mitumbwi yao mikubwa haikuchongwa kwenye gogo moja, iliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari, omo ikichomoza mbele na kupambwa kwa pembe na manyoya. Msomaji wa Lamu ataikumbuka mitepe ya kwao. Walioishona mitepe na walioishona mitumbwi hii hawakuwahi kukutana, lakini wote walijua kwamba chombo kilichoshonwa kinajikunja na wimbi badala ya kupasuka. Mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliitwa Gabunga, na cheo hicho kilikuwa cha ukoo wa Mmamba. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley aliishuhudia ikikusanywa na Kabaka Mutesa I kwa vita dhidi ya watu wa Buvuma. Na wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa wameanza kufika Buganda tangu miaka ya 1840 enzi za Kabaka Suna II, walijua kwamba anayetaka kulikata ziwa badala ya kulizunguka kwa miguu atakatwa nauli na Wassese.

Kabla ya kuendelea na safari, jambo moja limalizwe nchi kavu, nalo ni jaketi la kujiokolea. Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar, iliyotoka ufukwe wa Ggaba na karamu ndani yake, ilizama katika maji ya Wilaya ya Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa. Miongoni mwa walionusurika alikuwemo mwana wa mfalme David Wasajja, ndugu yake Kabaka Mutebi. Serikali ilieleza kwamba boti haikuwa na leseni na ilipakia kupita uwezo wake. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, upande wa Tanzania, ikaondoka na roho za watu zaidi ya 220. Na kwa watu wa Bukoba na Mwanza hakuna haja ya kueleza tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, ilikuwa siku gani.

Mwaka 2021 Uganda ilipitisha sheria mpya ya usafiri wa majini. Ni vyema. Lakini mwaloni, saa ya kuondoka, kinachofanya kazi ni midomo ya abiria. Abiria mmoja akilalamika kwamba majaketi ni machache, ataambiwa ashuke asubiri boti ya kesho. Watu kumi na wawili wakikataa kupanda mpaka majaketi yaletwe, yataletwa, hata kama yatatoka kwenye boti ya jirani. Faida ya kusafiri kundi ndiyo hiyo, kubwa kuliko kuchangia petroli. Na jaketi livaliwe; wengi hulikalia kama mto, kisha boti ikianza kuyumba wanaanza kutafuta kamba zake ziko wapi.

Hali ya hewa nayo ina kanuni zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa inayokutana huko katikati hupanda juu na kuumba mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwa hili hupenda usiku wa manane na alfajiri. Mchana upepo hugeuka na mvua huhamia nchi kavu. Nahodha anayekataa kuondoka saa kumi za usiku kwa sababu ameona umeme kusini hapaswi kubembelezwa wala kuongezewa fedha. Ukimwona anakubali baada ya kuongezewa, huyo ndiye wa kumkimbia.

Waliopanda meli wakati huo wameshaiacha Entebbe. Upande mmoja imebaki rasi ya Kigungu, alikoshuka padri Simeon Lourdel na mwenzake Amans tarehe 17 Februari 1879 kuanzisha kanisa Katoliki Uganda, na ndege zinazotua uwanja wa kimataifa hupita chini kiasi cha kusomeka maandishi ubavuni. Entebbe iko kaskazini ya ikweta kwa kilomita chache tu. Bugala iko kusini yake. Kwa hiyo kila mtu melini anauvuka mstari huo akiwa amekaa, wengine wakiwa wamelala, wengine wakigombea karanga. Hakuna anayetangaza.

Wasio na siku mbili za kutumia huenda Ngamba, kisiwa kidogo cha kama ekari 100, kilomita 23 kusini mashariki ya Entebbe. Tangu 1998 ni makazi ya sokwemtu yatima, waliookolewa kutoka kwa wawindaji, wachuuzi wa magendo na watu waliowafuga kama paka. Walianza na sokwemtu 19, sasa wako kama 50, na taasisi ya Jane Goodall, huyuhuyu wa Gombe, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu rahisi: sokwemtu hawajui kuogelea. Wanalala msituni, wanarudi kwenye uzio saa za chakula, na wageni huwatazama kutoka kwenye jukwaa la mbao. Majike hupewa vidonge au vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa kuwa msitu wa ekari 100 hauwezi kulisha ukoo unaoongezeka. Boti ya kasi hufika kwa dakika 50 hivi. Ya mbao huchukua saa moja na nusu na hupunguza gharama, hasa mkiwa wengi.

Meli huingia ghuba ya Lutoboka jua likishuka. Msitu unashuka mlima mpaka majini, hondohondo wanapiga kelele juu ya miti, na kwa mgeni ambaye asubuhi alikuwa kwenye moshi wa Wandegeya, maneno ya kwanza huwa yaleyale: hapa hapajaguswa. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulisahihisha, kwa sababu Ssese imeguswa, na iliguswa kwa mkono mzito.

Kabla ya ukoloni visiwa hivi vilikuwa moyo wa dini ya Buganda. Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye alama yake ilikuwa kasia, alikuwa na hekalu lake kuu Bubembe, kisiwa kilicho karibu na Bugala, na Kabaka alimpelekea zawadi. Uwezo wake haukuwa wa kupuuzwa. Mwishoni mwa 1879, Mutesa akiwa mgonjwa, aliyepandwa na Mukasa aliletwa ikulu kumtibu. Mmisionari Alexander Mackay alipinga waziwazi, na baraza la Kabaka likaamua kwa muda kuziweka kando dini zote za kigeni, za msikiti na za kanisa.

Kisha ikaja malale. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliwafyeka watu wa pwani ya ziwa. Zaidi ya watu 200,000 walikufa Buganda na Busoga katika miaka michache. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeueneza, na mbung'o wa huku hupenda vichaka vya kando ya maji, yaani palepale mvuvi anapofunga mtumbwi wake. Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi Ssese mwaka 1906 na 1907 akiwachoma wagonjwa sindano za dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Walikuja kwa mamia. Wengine walipata nafuu kwa muda, wengine walipofuka kwa dawa hiyohiyo.

Gavana wa wakati huo, Hesketh Bell, alifikiri kwa njia nyingine: kama mbung'o hawezi kuondolewa, waondolewe watu. Pwani ya ziwa ikahamishwa, na kufikia 1909 zamu ikawa ya visiwa. Wassese walipakiwa kwenye mitumbwi yao wenyewe na kupelekwa bara. Migomba ikaachwa na ndizi zake, mahekalu yakaachwa na walinzi wake wa kiroho, kazi ya kushona mitumbwi ikakosa wanaoirithi. Ruhusa ya kurudi ilianza kutolewa karibu na 1920, na waliorudi walikuwa wachache. Miti ilikuwa imeshawatangulia mashambani. Sehemu ya msitu huu tunaousifia kuwa wa tangu enzi na enzi imesimama juu ya mashamba ya watu.

Jina la gavana huyo halikupotea. Bandari ya Luzira, Kampala, iliitwa Port Bell kwa heshima yake, na bia inayotengenezwa Luzira ikaitwa Bell kwa heshima ya bandari. Kwa hiyo jioni ya Ijumaa, moto ukishawashwa kwenye mchanga wa Lutoboka na spika imeunganishwa na simu ya mtu mwenye chaji, vijana wa Kampala huinua chupa zenye jina la mtu aliyeviacha visiwa hivi vitupu. Sisemi wasinywe. Nasema wakiwa wanakunywa, kuna la kuzungumza zaidi ya matokeo ya Arsenal.

Huo mchanga wenyewe umepungua. Mvua za 2019 na 2020 zililipandisha ziwa hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Mei 2020, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Fukwe za Lutoboka ziliingia majini, mabanda ya hoteli yakabaki na paa, na pale Ggaba watu walikwenda sokoni kwa mitumbwi. Mwezi mmoja kabla, vipande vikubwa vya mafunjo na udongo vilivyong'oka pwani vilielea hadi Jinja na kuziba mitambo ya bwawa la Nalubaale. Tarehe 14 Aprili nchi nzima ilikosa umeme kwa sababu ya kisiwa kinachotembea. Maji yaliposhuka baadhi ya fukwe zilirudi, nyingine zimebaki kwenye matangazo tu. Mwombe mwenye hoteli picha ya wiki hii, si ya mwaka ule.

Jumamosi ndiyo siku ya boti. Kundi hukodi Ssese moja kutoka Lutoboka asubuhi, baada ya upepo wa alfajiri kutulia, na kukata kuelekea mashariki. Wenye nguvu hufika mpaka Bukasa, kisiwa cha pili kwa ukubwa, chenye maporomoko madogo ya maji na njia za msituni zisizo na magari, au Banda, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kituo cha wasafiri wa mabegi wasiojali kukosa umeme. Wengine huzunguka karibu tu. Mwendo wa boti ni wa polepole, na hilo ni jema: unaona kisiwa kimoja kikifunika kingine, kisha kikifunua, mpaka unapoteza hesabu na kumwachia nahodha ramani iliyo kichwani mwake.

Ila visiwani hakuna watalii tu. Boti ikisogea mwaloni utaona mapande ya nyavu, jiko la kukaushia samaki, baa ya mabati, kanisa la mabati, msikiti wa mabati, na uwanja mzima uliotandikwa mukene kama mkeka wa fedha ukiota jua. Hao ni dagaa, kwa msomaji wa Mwanza. Sangara huku anaitwa mputa, na sato ni ngege. Sangara aliletwa ziwani enzi za wakoloni, katikati ya karne iliyopita, na ndiye aliyegeuza miji hii ya mabati kuwa miji ya fedha kwa kusafirishwa minofu yake Ulaya. Kiswahili kinakwenda vizuri mialoni, pengine kuliko Kampala, kwa kuwa wavuvi wametoka kila upande wa ziwa. Ukisema shikamoo kwa mzee anayerekebisha nyavu, atakujibu, na mara nyingi atakuuliza kwenu ni Bukoba au Kisumu.

Atakueleza pia kuhusu jeshi. Mwaka 2017 serikali iliwapeleka wanajeshi ziwani kusimamia sheria za uvuvi: boti isipungue urefu wa futi 28, nyavu za matundu madogo zisitumike, sangara mdogo asivuliwe. Wenye viwanda vya minofu walifurahi samaki wakubwa walipoanza kurudi. Wavuvi wadogo, ambao boti zao fupi zilichomwa moto na baadhi yao kupigwa, wana hadithi nyingine. Mgeni mwenye kamera afahamu hilo kabla ya kumwelekezea mtu lenzi. Anayepigwa picha akiwa na wavu hajui picha itaishia kwa nani.

Kuhusu kuoga ziwani, kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye matete na maji yaliyotulia, hivyo kuruka kutoka kwenye boti katikati ya maji marefu kuna hatari ndogo kuliko kucheza kwenye ghuba nzuri yenye majani. Dawa yake, praziquantel, ni ya bei nafuu na ipo Kampala. Daktari hupendelea uimeze wiki kadhaa baada ya safari, wadudu wakishakomaa mwilini, kwa sababu wachanga dawa hiyo haiwawezi vizuri. Waambie wenzako wa kundi. Nusu yao watakuwa wamesahau.

Na kuna upande wa Bugala ambao hauingii kwenye picha za WhatsApp. Ukitoka Kalangala mjini kwa pikipiki kuelekea Luuku, msitu unakatika ghafla na inaanza michikichi: safu kwa safu, urefu mmoja, nafasi moja, kilomita baada ya kilomita. Mradi wa mafuta ya mawese ulioanza hapa miaka ya 2000, ukiungwa mkono na shirika la IFAD la Umoja wa Mataifa, ulipangiwa hekta 10,000: 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Umeleta barabara, kivuko cha uhakika na hundi ya kila mwezi kwa wakulima ambao zamani walitegemea ziwa peke yake. Umeondoa pia sehemu kubwa ya ule msitu uliokuwa umeota juu ya mashamba ya waliohamishwa, na wakazi wengine walikwenda mahakamani wakidai ardhi yao ilichukuliwa. Nimewasikia wageni wakiyalaani mashamba haya kwamba yameharibu mandhari. Wenyeji hawazungumzi hivyo. Wao huuliza tani moja ya chikichi mwezi huu ni bei gani, na nani kwenye familia aliyepewa shamba.

Usiku wa mwisho hulaliwa mapema, au ndivyo inavyopangwa. Meli ya kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, na tabia yake ni ileile ya Nakiwogo. Kila kundi lina watu wawili wasioamka. Hao watakunja hema likiwa bado na umande, watapanda pikipiki kupita kwenye michikichi hadi Luuku, watavushwa bure hadi Bukakata wakiwa katikati ya malori ya samaki na matenki ya mawese, kisha taxi hadi Masaka. Kutoka hapo Kampala ni kama kilomita 130. Lukaya watanunua kuku wa kuchoma na gonja dirishani, Lwera watapita kwenye kinamasi kinachochimbwa mchanga, na wakifika Busega saa kumi na mbili jioni watakaa kwenye foleni muda unaokaribia ule wa kulivuka ziwa, huku wenzao wa meli wakiwa wameshaoga na kuanza kutuma picha kwenye kundi, pamoja na ujumbe wa mweka hazina kwamba kuna waliobakiza deni la mafuta.